Njia Iliyopakwa Chokaa

Dereva aliniambia niache kusema "inawezekana".

"Tangu upande gari umeisema mara ngapi, dada? Mgeni anakuuliza kama zile ni ndizi za kupika, unamjibu inawezekana. Na wewe umezaliwa Mugoma, katikati ya migomba!"

"Kwa mbali huwezi kujua. Zipo za pombe zinazofanana na za kupika."

"Mwambie ni za kupika. Atashuka kukagua?"

Alicheka, na mimi nikacheka kidogo asije akaona kwamba nimeanza kuogopa. Nyuma yetu walikaa wageni wawili, mume na mke, wote wazee, walioingia nchini asubuhi ile kupitia Rusumo. Mume alikuwa fundi wa kujenga kuta za mawe maisha yake yote. Vidole vyake vilikuwa vinene na vimepinda. Mke alikuwa na daftari, na ndani ya daftari ameikunja karatasi ya ratiba ya safari. Kwenye karatasi hiyo kulikuwa na sentensi mbili nilizoziandika mimi.

Siku ya kwanza walikuwa waone korongo la Bisibo, wilayani Biharamulo. Kisha siku mbili katika hifadhi ya huko Burigi kutazama wanyama, kisha mwendo mrefu hadi Serengeti na Olduvai. Walitaka kuona chimbuko la binadamu. Bosi wa kampuni iliyowaleta, mama mmoja niliyemjua kwa sauti ya simu tu, alikuwa anatafuta mtu wa kuongoza wageni katika njia hii ya magharibi. Nilimwandikia kuhusu korongo, akanipigia.

"Korongo lako ndilo usaili wako," alisema. "Wakiridhika Bisibo, unaendelea nao mpaka hifadhini na kazi ni yako. Wasiporidhika, dereva atakushusha hapo hapo."

Nilikuwa nimemaliza chuo miaka miwili iliyopita, shahada ya historia na akiolojia, na tangu hapo nilikuwa nafundisha kwa kujitolea katika sekondari ya karibu na nyumbani. Mama yangu alishaacha kuniuliza kama nimepata kazi. Alikuwa anamuuliza mdogo wangu, nami nikiwa nasikia. Begi langu la siku tatu lilikuwa nyuma ya gari, juu ya boksi la maji. Nilikuwa nimelipanga na kulipangua mara nne.

Sentensi zangu zilisema hivi: "Katika korongo la Bisibo zana za mawe hazijafungiwa kwenye kabati la kioo. Utaona mahali fundi wa Zama za Mawe alipokaa, na vipande alivyovimega vikiwa bado vimemzunguka."

Sikuwa nimedanganya. Mahali hapo nilipaona nikiwa mwaka wa tatu, tulipopita na mwalimu wetu kwa mafunzo ya vitendo. Mvua ilikuwa imekula udongo wa korongo na kufunua tabaka la chini, na juu ya tabaka hilo vilikuwepo vipande vidogo vya jiwe, vyenye kingo kali, vimetapakaa kwa umbo la nusu duara. Katikati hapakuwa na kitu. "Hapo ndipo alipokaa," mwalimu alisema. "Hapo palikuwa na magoti yake." Alitukataza kuokota hata kipande kimoja. Alisema jiwe likishaondolewa pale lilipolala, linabaki jiwe tu, halina tena la kutuambia. Nilisimama pale mpaka wenzangu wakaniita garini kwa hasira.

Mzee mgeni aliinama mbele, kichwa chake kikawa kati ya viti vyetu. "Nitaona mahali alipokaa?" aliniuliza kwa Kiingereza.

Nilimwambia ndiyo. Alirudi nyuma akiwa ameridhika, na mimi nikaanza kuhesabu yote yanayoweza kuwa yameharibika. Ng'ombe huenda wamepita. Wachimba mchanga huenda wamefika. Mvua za kwanza huenda zimebeba kila kitu. Nilikuwa nikijua kwamba nahesabu haya ili nisifike kwenye jambo lenyewe, nalo lilikuwa mwenyekiti.

Wiki moja kabla nilikwenda Bisibo kumwona mwenyekiti wa kitongoji, mzee mrefu anayevaa koti la suti na buti za mpira. Korongo liko katikati ya mashamba ya watu wake. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: mzee, naomba mtu asiingie korongoni, asiguse jiwe, asikate hata nyasi. Nilipofika nilisema shikamoo, akaitikia marahaba, nikaletewa kigoda, maji ya kunawa, na sahani ya viazi vitamu. Nilimweleza kwamba Jumatano watakuja wageni kuona mawe ya kale.

"Wageni wa mbali?"

"Wa mbali sana, mzee. Sasa kuhusu lile korongo, nilikuwa naomba…"

"Binti yangu," akanikatiza, "kupokea wageni hatukuanza leo. Kula viazi."

Nilikula viazi. Niliona kwamba kumpangia mzee la kufanya na la kutofanya kwake, tena kiazi chake kikiwa mdomoni mwangu, ni kukosa adabu. Niliporudi Mugoma niliandika ujumbe mrefu kwenye simu, nikaufuta. Niliandika mfupi, nikauona kama unatoa amri, nikaufuta nao. Mwishowe nilituma: "Shikamoo mzee. Jumatano tunakuja." Akajibu: "Marahaba. Ondoa wasiwasi." Tangu siku hiyo sikulala vizuri.

Tuliacha lami, malori ya mizigo ya ng'ambo ya mpaka yakabaki nyuma, tukaingia barabara ya udongo mwekundu kati ya mihogo na mahindi machanga. Dereva alikuwa akipiga mluzi. Nilitamani barabara iwe ndefu zaidi, na papo hapo nikatamani tufike tumalize.

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa migomba miwili mizima, imekatwa na kusimikwa pande mbili za njia, majani yake yamefungwa pamoja juu kama lango la harusi. Baada ya lango, njia ilikuwa imefagiliwa. Michirizi ya ufagio ilionekana tangu mbali. Na kando ya njia, kushoto na kulia, yalikuwa yamepangwa mawe, yamepakwa chokaa, meupe yanayong'aa kama mbele ya ofisi ya kata.

"Aisee," dereva alisema, "hawa wamejipanga."

Mimi pia nilifurahi, kwa muda wa pumzi moja hivi. Halafu nikajiuliza mawe wameyatoa wapi. Sehemu ile yote ni udongo. Ukitaka mawe, ni mahali pamoja tu.

Wanawake walianza kuimba. Watu wengi walikuwa wamekaa chini ya mikaratusi, wamevaa nguo za kanisani. Mwenyekiti alikuja na koti lake, akawashika wageni mikono yote miwili, akawapeleka kwenye viti vya plastiki vilivyotandikwa vitambaa. Nilichelewa nyuma, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, nikageuza jiwe la karibu.

Lilikuwa limejaa kiganja changu, pana upande mmoja, jembamba upande mwingine, limemegwa pande zote mbili mpaka kingo zikakutana. Chokaa ilikuwa imejaa kwenye kila alama. Niligeuza la pili. La tatu lilikuwa jiwe la kawaida. La nne lilikuwa zana.

"Tulipiga msaragambo," mwenyekiti alikuwa akinieleza, akiwa amesimama juu yangu kwa furaha. "Siku mbili, kila kaya ilitoa mtu. Tumefyeka, tumefagia, tumetoa yale mawe yote yaliyokuwa yanakwaza watu, na tumechonga ngazi. Wazee kama hawa wangevunjika miguu mle ndani. Umeonaje?"

"Mmefanya kazi kubwa, mzee," nilisema.

Wageni waliletewa chai ya rangi na karanga. Mzee mgeni alikuwa akitabasamu kwa kila mtu, lakini macho yake yalikuwa yanakwenda korongoni. Dereva alinivuta nyuma ya gari.

"Mbona umepauka?"

Nilimwambia. Alitazama njia, akatazama wageni, akakuna shingo.

"Una dakika kumi, mpaka wamalize chai. Chukua mawe mawili matatu, kwangua chokaa, kayalaze mle. Wakishuka watayaona, watapiga picha, tunaondoka."

"Huo ni uongo."

"Uongo uko wapi, msomi? Mawe ni yale yale, korongo ni lile lile. Umeyarudisha nyumbani tu."

Ubaya wa dereva ni kwamba hakuwa mjinga. Nilisimama pale nikibishana naye kichwani, na kila hoja yangu alikuwa ameshaijibu. Nilifikiria mama anavyomuuliza mdogo wangu. Kisha mkono wangu ukachukua lile jiwe la kwanza, nikalificha ndani ya sweta, nikashuka zile ngazi mpya.

Korongo lilikuwa tupu kama sahani iliyolambwa. Nilipatambua mahali pa nusu duara kwa sababu ya mwamba mdogo mwekundu uliojitokeza ukutani. Chini yake kulikuwa na michirizi ya ufagio. Nilipiga magoti, nikakwangua chokaa kwa ukucha, nikaliweka jiwe chini. Lilionekana limewekwa. Niligeuza upande wa pili, nikalizamisha kidogo kwenye udongo, nikalitoa. Nilikuwa natafuta namna jiwe linavyolala likiachwa na mtu aliyemaliza kazi yake, na sikuijua.

"Hilo halikutoka hapo."

Niligeuka. Mama mmoja alikuwa amesimama kwenye ngazi, mtu mzima wa makamo, ungo kwapani. Alisema kwa Kisubi, na mimi nikamjibu kwa Kihangaza, lugha mbili zinazosikilizana.

"Shikamoo, mama. Umesemaje?"

"Marahaba. Nimesema hilo si la hapo. Hilo ni la shemeji yangu. Kipande chake ni kule juu, penye mzizi. Hapo ulipopiga magoti ni kwangu."

"Kwako kivipi?"

"Si tulipimiwa? Hatua kumi kila kaya, kutoka juu kuja chini, kama tunavyolima shamba la shule. Na kule njiani kila mtu kapanga ya kwake baada ya mwenzake, hivyo hivyo kwa zamu, mwenyekiti ajue nani kakwepa kazi." Akacheka. "Ya shemeji angalia, machache. Mvivu yule."

Nilikaa juu ya visigino vyangu. Njia ile yenye chokaa ilikuwa korongo lenyewe, limetolewa nje na kunyooshwa, kaya baada ya kaya. Si lote. Lakini si bure pia.

"Na hapa kwako, mama, hapakuwa na vidogo vidogo? Vimekaa namna hii?" Nilichora nusu duara kwa kidole.

"Vilikuwepo vingi, vikali kama wembe. Kimoja kilinikata." Alininyooshea kidole gumba nione. "Nilivizoa kwa huu ungo, nikavimwaga pale juu ngazi inapoanzia. Palikuwa na tope. Nikasema wageni wasije wakateleza."

Nilitazama juu. Mzee mgeni alikuwa amesimama pale pale ngazi inapoanzia, fimbo mkononi, anasubiri akaribishwe.

Yule mama hakuniuliza nilikuwa nafanya nini na jiwe la shemeji yake. Aliliangalia tu, kisha akaniangalia mimi. Nililichukua, nikapanda ngazi, nikalirudisha kwenye mstari wa shemeji. Kisha nikamgeukia mzee mgeni nikaanza kumwambia ukweli, kwa Kiingereza, haraka haraka, nikitumaini kwamba watu wa pale wataona mdomo wangu unatembea tu na hawatajua.

Mwenyekiti aliinua mkono. "Ngoja. Mbona mgeni amebadilika uso? Unamwambia nini? Sema kwa Kiswahili na sisi tusikie."

"Ni maelezo tu, mzee."

"Hayo hayo tunayataka. Wageni ni wetu sote."

Waliokuwa wameketi walisogea. Kwa mara ya kwanza siku ile sikuwa na sentensi yoyote niliyoipanga.

"Kosa ni langu," nilisema. "Wageni hawa walikuja kuona mawe pale yalipolala. Watu wa kale waliyaacha pale, na kwa namna yalivyokaa tungejua walifanya nini. Yakiondolewa hayasemi tena. Nilikuja hapa wiki iliyopita kuwaambia msiyaguse, na sikuwaambia."

Mtu mmoja alikohoa. Mwenyekiti alifunga kifungo cha koti lake, akakifungua.

"Kwa hiyo tumeharibu."

"Ndiyo, mzee."

"Watu hawa wameacha mihogo yao siku mbili. Na wewe ulikuwa unajua, ukakaa kwangu, ukala viazi vyangu, ukanyamaza."

"Ndiyo, mzee."

Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza.

Mzee mgeni aliniuliza mwenyekiti amesema nini, nikamtafsiria. Ndipo nikamwambia na lile lililobaki, kuhusu ungo na tope. Alitazama chini ya viatu vyake. Aliinua mguu mmoja, akauweka pembeni, akainua wa pili, polepole, kama mtu aliyegundua amesimama juu ya kaburi. Alichuchumaa kwa shida, akaokota kipande kimoja, akakipitisha kwenye kidole gumba. Aliuliza kama vyote vilimwagwa mahali pamoja. Yule mama alimwonyesha kwa ungo wake: mara moja, hapa, hivi. Mgeni akaitikia kwa kichwa. Kisha akashuka, akasimama chini ya ule mwamba mwekundu, akaitazama michirizi ya ufagio kwa muda mrefu.

"Nilitaka kuona kama alikaa ninavyokaa mimi," aliniambia aliporudi.

Mkewe alikuwa amefungua ile karatasi. Alizisoma sentensi zangu mbili kwa sauti, bila hasira yoyote, kisha akamuuliza dereva kama mchana kuna mahali pengine pa kwenda.

Dereva alitembea mpaka chini ya mikaratusi akapiga simu. Nilimwona akiongea huku anachora udongo kwa kiatu. Alirudi akanikabidhi simu.

"Nijibu moja tu," bosi alisema. "Ulichoniandikia kipo, au hakipo?"

Nilikuwa na maelezo. Nilikuwa na hatua kumi za kila kaya, na rundo la vipande lililo bado mahali pamoja, na njia inayoweza kusomwa kama orodha. Inawezekana, nilitaka kusema, kwa kiasi fulani, tukipata muda.

"Hakipo," nikasema.

"Basi umejijibu mwenyewe." Akakata.

Dereva alishusha begi langu. Alilipangusa vumbi kwanza, kisha akaliweka kwenye nyasi, na juu yake akaweka chupa ya maji.

"Ungeniachia mimi niongee naye, dada."

"Najua."

"Saa hizi ungekuwa njiani kuhesabu twiga."

Mzee mgeni alinipa mkono kupitia dirishani. Katika kiganja chake kulikuwa na kile kipande alichokiokota. Alikiacha kwangu, akanionyesha rundo, nikirudishe. Gari likapita chini ya lango la migomba, na watoto walilikimbilia kwa sababu hakuna aliyewaambia wasifanye hivyo.

Watu walianza kukunja vitambaa na kukusanya viti. Hakuna aliyenitukana. Walinipita tu, kila mtu na kiti chake, kama wanavyokipita kisiki. Upande wa ziwa Burigi wingu lilikuwa limesimama jeusi, na nilijua kwamba chokaa ikilowa na watu wakishalala usingizi wa leo, kesho hakuna atakayekumbuka jiwe la nani liliishia wapi. Nilifungua begi, nikatoa daftari nililolinunua kwa ajili ya kuandika wanyama, nikasimama mbele ya jiwe la kwanza. Sikujua ni la nani. Nisingeweza kuanza bila kuuliza, na sikuwa na uso wa kuuliza.

Yule mama alikuja na ungo wake akasimama kando yangu. "Utaanza na nani?"

"Sijui, mama. Na wewe."

"Mimi ni wa saba. Anza na wa kwanza."

Mwenyekiti alikuwa ametupa mgongo, anang'oa mgomba mmoja wa lango. "Hatua kumi za kwanza ni zangu," alisema bila kugeuka. "Mawe kumi na tisa. Andika, maana sitarudia."

Niliandika kumi na tisa. Kisha nikainama, nikahesabu kwa kidole, jiwe baada ya jiwe, mpaka pale mstari wake ulipokutana na wa jirani yake. Nilirudia tena kuanzia mwanzo.

"Yako kumi na nane, mzee," nilisema.

Aliuachia mgomba. Akageuka, akaja kuhesabu mwenyewe.